Je, kisima kilifungwa kwa ajili ya ndege wa Nebraska?

"Mwalimu, habari za kazi. Sisi ni familia saba, baadhi tumetoka Kongo na baadhi Tanzania, na tunaishi Fort Morgan, jimbo la Colorado, ambako waume zetu wengi wanafanya kazi kiwanda cha nyama. Tumempata mzee mmoja aliye tayari kutukodisha ekari sita karibu na mto Platte Kusini, tulime lengalenga, matembele, bamia, nyanya chungu na mahindi meupe, tule na nyingine tuuze sokoni Jumamosi. Shambani kuna kisima chenye pampu kubwa, lakini mzee anasema kilifungwa mwaka 2006 ili maji yapelekwe kwa ndege wa Nebraska. Jirani yake naye anatuambia tuwashe tu, maana maji ya kisima si maji ya mto. Je, ni kweli tumenyimwa maji kwa sababu ya ndege? Tukifunga dripu, ile mipira ya kumwagilia tone tone, tukatumia maji kidogo, hatutaruhusiwa? Na kuna hatari ya kugombana na serikali kuu? Wengine wetu bado hawajapata uraia."

Dada yangu, habari ni njema, na asante kwa kuuliza kabla ya kuwasha pampu. Wengi huniandikia wakiwa wameshaiwasha.

Maswali yako yote yanarudi kwenye jambo moja: maji ya kisima hicho ni ya nani, na kwa haki gani. Nitakujibu kwa ufupi kwanza ili usikae na wasiwasi, kisha nieleze. Kisima hicho hakikufungwa kwa ajili ya ndege. Jirani anayesema kwamba maji ya kisima si ya mto amekosea, na kosa kama lake limewagharimu wakulima wengi wa bonde hilo. Dripu ni kitu kizuri, lakini peke yake haifungui kisima. Serikali kuu haitakuja kuwauliza habari za lengalenga zenu. Atakayekuja ni mtu wa jimbo, na huyo ana mamlaka ya kutosha.

Tuanze na sheria ya jimbo, maana ndiyo iliyofunga kisima. Colorado haigawi maji kwa kuangalia shamba liko karibu kiasi gani na mto, wala ukubwa wake, wala shida ya mwenyewe. Inagawa kwa tarehe. Mwaka 1874, wakati wa ukame, walowezi wa Greeley waliukuta mto Cache la Poudre umewakaukia kwa sababu wenzao wa Fort Collins, walioko juu, walikuwa wamefungua mifereji mipya. Ugomvi ule ulikuwa mkali, na miaka miwili baadaye katiba ya jimbo ikaandika kwamba aliyetangulia kuyatumia maji ndiye atakayetangulia kupewa. Tangu hapo kila haki ya maji ina tarehe yake mahakamani. Mto ukipungua, na mwenye haki ya tuseme mwaka 1872 akaona mfereji wake haujai, huyo "huita" maji yake, na mhandisi wa jimbo huwafungia walio juu yake wenye tarehe za baadaye, akianza na wa mwisho kabisa na kurudi nyuma, mpaka yule wa zamani apate kiasi chake. Waswahili husema aliye juu mngoje chini. Kwenye mto huu, aliye juu ndiye anayeambiwa angoje.

Sasa kisima kinaingiaje hapo? Fikiria mtoto anayechimba shimo kwenye mchanga ukingoni mwa ziwa Tanganyika, Uvira au Kigoma. Akichimba hatua mbili kutoka majini, shimo linajaa, ingawa hakuna mfereji wowote aliouchora kulileta ziwa shimoni. Ziwa limepita chini kwa chini. Bonde la Platte Kusini lina tabia hiyo hiyo kwa ukubwa wa kutisha: chini ya mashamba kuna tabaka nene la mchanga na changarawe lililojaa maji, na maji hayo yanasafiri polepole kuelekea mtoni. Pampu ikivuta, inachukua maji yaliyokuwa njiani kwenda mtoni, au inayageuza ya mto yaje kwake. Athari ya kisima kilicho karibu na ukingo huonekana mtoni baada ya siku chache. Kilicho kilomita kadhaa kutoka mtoni kinaweza kuchukua miezi, hata miaka, na kitu kinachowachanganya wakulima ni kwamba pampu ikishazimwa, pengo lake linaendelea kuusafiria mto kwa muda huo wote.

Kwa sababu hiyo, sheria ya Colorado ya mwaka 1969 iliviweka visima vya namna hii kwenye foleni moja na mifereji. Visima vingi vilichimbwa miongo kadhaa baada ya mifereji mikubwa, kwa hiyo vilijikuta mkiani. Njia ya kuendelea kumwagilia ilikuwa kuwa na mpango wa kufidia, ulioidhinishwa na mahakama ya maji: unavuta maji hapa, na kwa wakati unaofaa unarudisha maji mengine mtoni ili mwenye tarehe ya zamani asiumie. Kwa miaka mingi jimbo liliruhusu visima vingi viendeshwe kwa vibali vya muda vya mwaka mmoja mmoja. Kisha ukaja ukame mkubwa wa 2002, miji na kampuni za mifereji zenye haki za zamani zikapinga, mahakama zikakaza kamba, na mwaka 2006 mamia ya visima yakaamriwa kuzimwa kwa kukosa maji ya kutosha ya kufidia. Kisima cha mzee wenu, kwa maelezo yako, kinaelekea kuwa kimojawapo cha hivyo. Walioidai haki yao walikuwa wakulima wenzake na miji, wala hakukuwa na ndege aliyehitajika katika kesi hiyo.

Kwa nini basi mzee anasema ndege? Simlaumu. Mwishoni mwa mwaka ule ule wa 2006 magavana wa Colorado, Wyoming na Nebraska pamoja na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Marekani (ambayo huko husimamia ardhi na wanyamapori) walitia saini makubaliano ya kuwarejesha viumbe walio hatarini katika mto Platte, na utekelezaji ukaanza tarehe 1 Januari 2007. Mtu aliyefungiwa pampu mwezi wa tano, kisha mwezi wa kwanza akasikia redioni kwamba maji yanapelekwa Nebraska kwa ajili ya korongo, ataunganisha mambo mawili yaliyofuatana na kuyaita sababu na matokeo.

Lakini makubaliano hayo yapo kweli, na yanayagusa maji ya bonde lenu, kwa hiyo nikueleze yanavyofanya kazi.

Platte una mikono miwili. Wa Kaskazini unaanzia Colorado, unazunguka Wyoming, kisha unaingia Nebraska. Wa Kusini unatoka milima ya Colorado, unapita Denver, unapita hapo kwenu, na kukutana na mwenzake karibu na mji unaoitwa North Platte. Kutoka Lexington hadi Chapman, kipande cha kilomita kama 145 katikati ya Nebraska, ndipo ndege wanapotua. Bingwa wao ni korongo mweupe wa Marekani, Grus americana, ndege mwenye kimo cha mita moja na nusu, ambaye mwaka 1941 walikuwa wamebaki takriban 20 tu porini. Kila mwaka kundi lao kubwa husafiri kama kilomita 4,000 kati ya kaskazini mwa Kanada na pwani ya Texas, na Platte ni mojawapo ya vituo vyao vya kupumzikia. Pamoja naye mpango ulimchukua ndege aitwaye buabua mdogo na ndege mwingine mdogo mwenye ukosi mweusi, Charadrius melodus, ambao wote wawili hutaga mayai juu ya mchanga mtupu, na samaki wa kale aina ya stajeni anayeishi sehemu ya chini ya mto, karibu na Missouri.

Usimfikirie korongo huyu kama mnyama anayekuja kunywa maji. Anachohitaji ni mahali pa kulala. Jua linapozama anashuka katikati ya mto, anasimama kwenye maji yenye kina cha kiganja cha mkono au zaidi kidogo, na kulala hapo hapo wima. Maji yale ndiyo kengele yake: mnyama akija usiku atasikika akichapua maji. Na kabla ya kutua huutazama mto kwanza. Utafiti uliofanywa chini ya mpango huo umeonyesha kwamba hupendelea mahali ambapo mto uko wazi kwa upana wa mita 200 hivi bila kichaka, na msitu uko mbali. Zamani Platte ulikuwa hivyo karibu kote: mpana, wa kina kifupi, wenye mikondo mingi iliyosukana kama nywele zilizosukwa, na kila mwaka mafuriko ya theluji iliyoyeyuka yaling'oa miche yote iliyothubutu kuota kwenye mafungu ya mchanga. Mabwawa yalipojengwa juu, mafuriko yakapungua na mchanga ukabaki nyuma ya kuta. Miti ikapata nafasi ya kushika mizizi, na mizizi ikaushika mchanga. Mto ukawa mwembamba, vichaka vikasogea, na korongo akabaki kuruka juu akitafuta uwazi.

Hapa ndipo serikali kuu inapoingia. Sheria ya viumbe walio hatarini ya mwaka 1973 inasema kwamba mradi wowote unaohitaji kibali, fedha au miundombinu ya serikali kuu lazima uchunguzwe usije ukamwangamiza kiumbe aliyeorodheshwa. Upande wa mashariki wa Colorado umejaa miradi ya namna hiyo. Maji mengi ya miji na mashamba ya huko huletwa kwa handaki la kilomita 21 lililochimbwa chini ya milima, ambalo ni mali ya mradi wa serikali kuu. Mabwawa mengine yako ndani ya misitu ya taifa. Nebraska nako, leseni ya bwawa la Kingsley, lililokamilika 1941, iliisha mwaka 1987, na mpya haikupatikana hadi 1998, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya mabishano haya ya ndege na maji. Kila mwenye mradi alikuwa anasimama peke yake mbele ya mkaguzi, anaambiwa atafute maji ya kuyafidia yale anayoyatumia.

Mwaka 1997 majimbo hayo matatu yalikubaliana kutafuta njia ya pamoja, na ilichukua karibu miaka kumi kuipata. Kiini chake ni biashara ya wazi: majimbo na serikali kuu wanaweka mezani fedha, ardhi na maji, na badala yake mpango mzima unahesabiwa kuwa ndio utiifu wa watumiaji maji kwa sheria ya 1973. Matumizi yaliyokuwapo kabla ya Julai 1997 yanaachwa yaendelee; kila jimbo lina wajibu wa kufidia yanayoongezeka baada ya hapo. Kwa hiyo, ukinipa nafasi ya kusema kwa ukali kidogo, mzee wenu ameigeuza hadithi kichwa chini. Mpango wa ndege ndio unaowaruhusu majirani zake wafungue mifereji kila mwezi wa tano bila kila mmoja kuitwa kujieleza habari za korongo.

Maji yanatoka wapi? Wyoming waliinua kidogo, chini ya mita moja, njia ya kufurikia ya bwawa la Pathfinder, lililojengwa 1909 na kupoteza nafasi kubwa kwa tope. Katika nafasi iliyorudishwa, takriban ekari-futi 34,000 ni akaunti ya mazingira, yaani akiba ya maji kwa ajili ya mto na viumbe wake. Ekari-futi moja ni maji ya kufunika ekari moja kwa kina cha futi moja, kama lita milioni 1.2. Nebraska walitenga ndani ya ziwa McConaughy sehemu ya kumi ya maji yanayoweza kuhifadhiwa yanayoingia kuanzia Oktoba hadi Aprili.

Mchango wa Colorado uko mtoni hapo hapo kwenu, chini kidogo, karibu na kijiji cha Crook, mahali panapoitwa Tamarack, na ningependa siku moja mkautazame. Wakati wa baridi, mifereji mingi imelala na hakuna anayeita maji, pampu zilizo karibu na ukingo huvuta maji na kuyasukuma kwa mabomba hadi kwenye mabwawa madogo yaliyochimbwa katika vilima vya mchanga, mbali na mto. Mabwawa hayo hayana sakafu ya udongo wa mfinyanzi wala turubai, na yamekusudiwa kuvuja. Maji yanazama mchangani, halafu yanaanza kurudi mtoni chini kwa chini, kwa mwendo ule ule wa polepole niliokueleza kuhusu kisima. Umbali wa bwawa umepimwa ili maji yaliyozama wakati wa ziada yafike mtoni miezi kadhaa baadaye, wakati wa upungufu. Hakuna tone jipya lililoumbwa hapo, ila tarehe yake ya kufika mtoni imesogezwa.

Nimelikalia jambo la Tamarack kwa makusudi, dada yangu, kwa sababu ukilielewa hilo umeelewa kisima chenu pia. Mto huu haumuulizi mkulima tu amechukua maji kiasi gani. Unamuuliza alichukua lini, na yale anayoyarudisha yatafika lini. Mpango wa kufidia kisima hutumia mabwawa ya namna hiyo hiyo, na wakulima wengi wa kaunti yenu wanayo.

Hapo ndipo dripu inapowakosesha watu wengi. Ukifungulia maji kwenye matuta, tuseme ndoo kumi, labda ndoo tano au sita zinamezwa na mimea na jua. Zilizobaki zinazama na hatimaye zinarudi mtoni, ambako mtu wa chini anazitegemea na pengine ana haki yake mahakamani. Ukiweka dripu unavuta ndoo sita, na karibu zote zinamezwa. Umevuta kidogo, mboga zako zimestawi, gharama ya umeme imepungua, lakini mto umepoteza kiasi kile kile. Na ukitumia ule uliookoa kupanua shamba, mto umepoteza zaidi. Sheria ya Colorado inahesabu kilichomezwa. Wanahistoria wa mto huu wanajua kwamba zamani, kabla ya mifereji, sehemu ya chini ya Platte Kusini ilikuwa ikikauka mwishoni mwa kiangazi. Maji yanayorudi kutoka mashambani ndiyo yaliyoufanya utiririke muda mrefu zaidi. Wenzetu waliotoka Mbeya watakumbuka mabishano ya Usangu, ambako tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi: kule nako kila mtu alihesabu maji anayoyachukua mlangoni mwa mfereji, na wachache walihesabu yanayorudi. Kwa hiyo fungeni dripu kwa sababu ya magugu, mbolea na mgongo wa anayemwagilia. Msiifunge mkidhani ni kibali.

Utaniuliza, na ni haki yako, kama mpango wa ndege umefaa. Umefaa kwa sehemu. Korongo weupe wa kundi lile sasa wamepita 500, lakini nisingempa Platte sifa yote, kwani kukomesha uwindaji na kulinda makazi yao ya Texas na Kanada kumefanya kazi kubwa zaidi. Kilichofanyika Platte ni kununua na kutunza zaidi ya ekari 10,000, kufyeka miti, kulima magugu katika mikondo, na kuachia maji kwa wakati. Buabua mdogo wa bara aliondolewa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 2021, ila hiyo ni habari ya eneo lake lote la kuzaliana. Lililonivutia zaidi ni kwamba watu wa mpango walikubali kukosea. Walikuwa wamedhani kwamba wakiachia maji mengi kwa siku chache, mto wenyewe utajenga mafungu ya mchanga marefu ya kutosha kwa viota. Walijaribu, wakapima, na wakakuta mafungu hayafiki kimo hicho. Ndege walikuwa wanataga zaidi kwenye mashimo ya zamani ya machimbo ya mchanga pembeni ya mto. Wakahamishia nguvu huko. Bwawa kubwa la kusawazisha maji lililopangwa Nebraska liliachwa baada ya gharama kupanda mno, na lengo la kupunguza upungufu wa mto kwa ekari-futi 130,000 hadi 150,000 kwa mwaka halikufikiwa katika miaka 13 ya kwanza, jambo lililochangia muda kuongezwa hadi mwisho wa 2032. Wapenda mazingira wanasema maji bado ni machache, baadhi ya wakulima wanasema ni mengi mno. Mimi nasema meza inayowakalisha pamoja wasimamizi wa majimbo, wakulima na watetezi wa ndege ni nafuu kuliko mahakama, hata pale inapochelewa.

Mtasikia pia habari za mfereji wa Perkins, ambao Nebraska inataka kuuchimba kuanzia ndani ya Colorado, na kesi iliyofikishwa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 2025. Huo ni ugomvi mwingine, unaotokana na mkataba wa majimbo hayo mawili wa mwaka 1923 kuhusu Platte Kusini. Hauwahusu msimu huu, wala ndege si washtakiwa.

Turudi kwenye ekari zenu sita. Mvua ya Fort Morgan iko kati ya milimita 300 na 400 kwa mwaka, kwa hiyo bila maji ya kumwagilia hakuna bamia. Tuseme mboga zenu zitameza futi moja na nusu ya maji kwa msimu. Ekari sita zitameza ekari-futi tisa, zaidi ya lita milioni 11. Hiyo ndiyo namba mnayoitafutia mwenyewe, na kuna njia kadhaa za kuipata.

Ninayoipendelea mimi, kwa watu wanaoanza na wasio na mtaji wa kesi, ni kumwomba mzee au jirani yake shamba lenye hisa za kampuni ya mfereji. Hisa hizo zina tarehe za zamani, maji huja kwa zamu, na mwenye mfereji anajua masharti yote. Ubaya wake ni kwamba maji huja siku yake, si siku mliyochagua ninyi, na huwa na tope linaloziba dripu, kwa hiyo mtahitaji kichujio na pengine kidimbwi cha kutulizia maji. Mwaka wa ukame hisa moja inaweza kutoa maji pungufu sana.

Njia ya pili ni kukirudisha kisima ndani ya mpango wa kufidia wa taasisi iliyopo. Inawezekana, lakini si kazi ya mwezi mmoja. Kuna ada, kuna foleni, na visima vingi vilivyomo hupewa asilimia tu ya maji yao kwa mwaka. Kwa ekari sita za kukodi nisingewashauri mgharimie ninyi. Hiyo ni kazi ya mwenye ardhi, kwa kuwa kisima kitabaki chake. Njia ya tatu ni ndogo lakini haina kelele: kuanza na kiwanja kinachopata maji ya bomba la mji, mkalipa bili, mkajifunza soko kwa msimu mmoja. Bili itauma, ila itakuwa ndiyo hasara kubwa kuliko zote mtakazopata.

Mtaambiwa pia kuhusu kisima kidogo cha nyumbani kwa mzee. Vibali vya visima vya nyumbani kwenye viwanja vya ekari 35 au zaidi mara nyingi huruhusu kumwagilia bustani ya nyumba isiyozidi ekari moja. Shamba la familia saba linalouza sokoni si bustani ya nyumba. Someni maneno ya kibali chenyewe kabla ya kunyoosha mpira.

Kuna mtego mmoja ambao wageni hawaujui, nao ndio ningeutazama kwanza. Baadhi ya mashamba ya bonde hilo yaliuza maji yake kwa miji, na katika mauzo hayo ardhi ikawekewa sharti la kudumu kwamba isimwagiliwe tena. Sharti hilo limesajiliwa kaunti na linaifuata ardhi hata ikibadilisha mikono mara tatu. Ardhi ya namna hiyo hukodishwa kwa bei nzuri sana. Sasa mnajua kwa nini.

Kuhusu hofu ya serikali kuu: bustani binafsi isiyohitaji kibali wala fedha za serikali kuu haiitwi kujieleza chini ya sheria ile ya 1973. Mkiwasha pampu iliyofungwa, atakayefika ni kamishna wa maji wa jimbo, na adhabu yake ni amri ya kuizima pamoja na faini zinazoweza kuhesabiwa siku baada ya siku, kwa mwenye ardhi na kwa anayeendesha pampu. Kwa wale ambao karatasi zao za uraia bado ziko njiani, swali la kama amri au kesi ya namna yoyote inaweza kuwagusa ni la wakili wa uhamiaji. Mimi si wakili, na hapo sitakisia.

Kabla hamjatia saini mkataba wowote, mwombeni mzee namba ya kibali cha kisima na maelezo ya mahali shamba lilipo kama yalivyoandikwa kwenye hati, kisha nendeni wawili wenu, mmoja awe anayezungumza Kiingereza vizuri, hadi ofisi ya jimbo ya maji ya Kanda ya Kwanza iliyoko Greeley. Si mbali, na kuuliza hakulipiwi. Waulizeni kama kisima hicho kimo katika mpango wowote wa kufidia mwaka huu na kwa asilimia ngapi. Kama ardhi hiyo ina sharti la kutomwagiliwa. Na hisa za mfereji gani, kama zipo, zinaandamana nayo. Majibu ombeni kwa maandishi. Wakisema kuna kesi yoyote ya mahakama ya maji juu ya shamba hilo, hapo simameni na mtafute wakili wa maji kabla ya kutoa hata dola moja. Wakisema hakuna, mwambieni mzee aandike ndani ya mkataba kwamba maji ni sehemu ya kodi, ya mfereji gani, siku ngapi kwa wiki, na kwamba yasipofika kodi inapungua. Akikataa kuandika hilo, mtakuwa mmeshapata jibu lake kuhusu kisima.